Mwakisiko wa mwanga: jinsi vitu vinavyoonekana

Vitu vingi vinavyotuzunguka havina mwanga wake. Sufuria, ukuta, hata uso wa mtu huonekana kwa sababu mwanga wa jua au taa huvigonga, sehemu ikafyonzwa na sehemu ikarudi hadi kwenye jicho. Kurudi huko ndiko mwakisiko.

Wapo Wagiriki wa kale walioamini kuwa jicho ndilo linalotoa miale. Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra (Iraq ya leo) aliyefanya kazi Cairo, aliipinga dhana hiyo mwanzoni mwa karne ya 11. Hoja yake moja ni nyepesi na bado inanivutia: ukilitazama jua, jicho huuma. Basi kuna kitu kinachoingia, si kinachotoka.

Rangi nayo ni hesabu ya kinachorudi. Jani la mgomba hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, likarudisha zaidi kijani. Chini ya zile taa za barabarani za manjano, gari la buluu huonekana kama jeusi, maana mwanga wa taa hizo karibu hauna buluu ya kurudishwa.

Halafu kuna ulaini wa kitu chenyewe. Kioo ni laini, hivyo kila mwale huruka kwa pembe ileile uliyoingilia nayo, na taswira hubaki nzima. Ukuta una mikwaruzo midogo mno inayotawanya miale kila upande. Ndiyo maana unauona popote ulipokaa chumbani.

Jambo hili huwa la hatari usiku wa mvua. Lami kavu inakwaruza, kwa hiyo hutawanya mwanga wa taa za gari, na kiasi fulani humrudia dereva. Ikiloa, maji hujaza vishimo na barabara huwa kama kioo: mwanga wako unatelezea mbele, wewe unaona giza, huku taa za anayekuja zikikupofusha. Hakuna taa iliyoharibika hapo.

Rifleta ya bodaboda, yaani lile jaketi lenye mistari inayong'aa likimulikwa, imetengenezwa kwa kulijua hilo. Nyingi zina vishanga vidogo vya kioo vinavyourudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani kwa dereva mwenye taa. Tope likivifunika, mwanga haurudi tena, kwa hiyo jaketi lisafishwe kabla ya giza kuingia.