Pointi 115 za Huberdeau zilikuwa na thamani gani?

Katika NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, usajili hauendi kama wa soka. Hakuna ada ya uhamisho. Timu hubadilishana mtu kwa mtu, au mtu kwa nafasi ya kuchagua chipukizi kwenye drafti, na mishahara yote lazima itoshee chini ya ukomo wa ligi. Aliyetoka tu kwenye msimu wake bora ndiye mgumu kuliko wote kumthaminisha.

Chukua Julai 2022. Calgary Flames walimtoa winga Matthew Tkachuk kwa Florida Panthers, wakapokea winga Jonathan Huberdeau, beki MacKenzie Weegar, kijana Cole Schwindt na nafasi ya raundi ya kwanza. Msimu uliokuwa umeisha, Tkachuk alikuwa na pointi 104, Huberdeau 115. Kabla ya hapo hakuna kati yao aliyewahi kufika huko. Kwa haraka ungesema Calgary wamepiga bao.

Mimi huanza kwa kuzichambua pointi zenyewe. Bao ni pointi moja na pasi ya bao ni moja, na bao moja laweza kuwapa pointi wapasiaji wawili. Huberdeau alifunga 30, pasi 85. Pasi 85 zinahitaji wamaliziaji, na msimu ule hakuna timu iliyofunga mabao mengi kuliko Florida. Wamaliziaji hao hawakupanda naye ndege. Shaka hiyo ilimhusu Tkachuk pia, aliyecheza na Johnny Gaudreau, nyota mwenzake wa Calgary, lakini yeye alifunga mwenyewe 42, akiwa na miaka 24. Huberdeau alikuwa na 29.

(Mfungaji naye ana mtego wake: mabao mengi kutoka mashuti machache mara nyingi hayadumu. William Karlsson wa Vegas alifunga 43 kwa mashuti 184 tu msimu wa 2017-18. Uliofuata, 24.)

Kwa kubadilishana siwalaumu Calgary. Tkachuk hakutaka mkataba mrefu nao, na Gaudreau alishaondoka bure siku chache nyuma. Waliuza wakiwa wamebanwa, na Huberdeau alibakiza mwaka mmoja wa mshahara nafuu. Tatizo ni Agosti: walimpa Huberdeau mkataba mpya wa miaka 8, dola milioni 84, kabla hajawachezea hata mechi moja. Najua waliogopa kumpoteza naye. Lakini hapo walilipia msimu uliokwisha kupita, tena wa timu nyingine. Msimu wake wa kwanza Calgary alipata pointi 55. Tkachuk, kwa mkataba wa milioni 76 kule Florida, alipata 109.