Kituo cha data cha pamoja: umeme unapopotelea na jinsi ya kuuokoa

Kila uniti ya umeme inayoliwa na seva, yaani kompyuta zinazoendesha mifumo ya taasisi, hugeuka joto, na joto hilo huondolewa kwa umeme mwingine. Kwa hiyo kituo kinachotumiwa na taasisi kadhaa kianze kwa kupima vitu viwili: mzigo wa jengo zima na mzigo unaofika kwenye seva. Gawa wa kwanza kwa wa pili. Jengo likivuta kilowati 90 na seva 50, uwiano ni 1.8. Ukiushusha hadi 1.5, mzigo unapungua kilowati 15. Kwa saa 8,760 za mwaka hizo ni uniti 131,400 ambazo hutailipa TANESCO.

Upotevu mkubwa uko kwenye hewa. Seva huvuta hewa kwa mbele na kuitoa nyuma ikiwa moto. Raki zote (kabati zinazobeba seva) zikitazama upande mmoja, safu ya pili huvuta joto la safu ya kwanza. Fundi akiona tahadhari ya joto hushusha kiyoyozi hadi nyuzi 16, bili ikapanda na tatizo likabaki palepale. Panga safu zitazamane, ili njia moja iwe ya baridi na inayofuata ya joto. Kisha ziba: nafasi tupu za raki kwa bamba, matundu ya nyaya sakafuni kwa brashi, na njia ya baridi kwa milango na paa lisiloshika moto. Bamba ni kitu cha bei ndogo, lakini ndilo husahaulika kila mpangaji, yaani taasisi yenye seva humo, anapong'oa kifaa chake.

Ukishaziba, ndipo upandishe joto. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Panda nyuzi moja, subiri siku kadhaa, soma vipimajoto vilivyofungwa mbele ya raki chini, katikati na juu; kile cha ukutani hakikuambii kitu. Kwa kawaida nyuzi 24 au 25 zinatosha, maana ukizidisha, feni za seva huongeza kasi na kula ulichookoa. Feni za viyoyozi nazo zifungwe kidhibiti kasi: kasi ikipungua asilimia 20, umeme wake hushuka karibu nusu. Betri za asidi za UPS, kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika, zibaki chumba chake, nyuzi 20 hadi 25, kwa sababu kila nyuzi 10 za ziada hukata maisha yake takriban nusu.

Hapa kwetu Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Baridi hiyo ni ya bure, ila usiifungulie dirisha: vumbi la kiangazi litajaa ndani ya seva, na hewa kavu huzalisha umeme tuli. Tumia kibadilisha joto, hewa ya nje ipoze ya ndani bila kuchanganyika nayo. Hewa yetu pia ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo feni lazima zisukume hewa nyingi zaidi kubeba joto lilelile. Usinakili vipimo vya mtambo wa pwani. Koili za nje za viyoyozi zioshwe mara kwa mara wakati wa kiangazi, kwa maji ya msukumo mdogo, maana zikivaa vumbi kompresa huhenyeka.

Linabaki suala la wapangaji, na hapa ndipo vituo vingi vya pamoja hukwama. Ada moja kwa kila raki haimpi yeyote sababu ya kuzima kitu. Funga mita kwa kila raki, kisha zidisha uniti za mpangaji kwa uwiano wa kituo, ili alipie na upozaji wake. Seva isiyo na kazi, hasa ya zamani, yaweza kuvuta hata nusu ya umeme wa kilele chake. Huduma ndogondogo zihamishiwe kwenye mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu kadhaa ndani ya seva moja, ili zibaki seva chache. Seva isiyojulikana mwenyewe isizimwe ghafla: andikia wapangaji wote, chomoa kebo ya mtandao, iache ikiwaka siku 30 zinazopitia mwisho wa mwezi, kwani mifumo ya mishahara huamka siku hizo tu. Asipotokea wa kuidai, nakili data zake, zima, na ufunge bamba mahali pake siku hiyohiyo.