Usibane dari kwenye bomba la moshi

Mimi ni fundi dari. Kazi zangu nyingi ziko Tanga mjini, ambako mtu akikwambia habari za joto ujue anataka feni. Lakini ukipanda Lushoto, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, kipupwe kikiingia watu huwasha moto ndani.

Huko niliitwa kwenye nyumba ya mteremkoni, chumba cha chini nusu yake kimo ardhini. Mzee mwenye nyumba kaweka jiko la kuni la chuma, bomba linapanda wima kupitia sakafu ya mbao ya juu. Akaniambia, "Fundi, nataka jipsamu ishike bomba kabisa, uwazi usionekane."

Nikamwambia, mzee wangu, uwazi huo ndio kazi yenyewe.

Mbao ikipigwa na joto miaka na miaka hubadilika ndani kwa ndani, inaelekea kuwa mkaa, na mwisho hushika moto kwa joto dogo kuliko ilipokuwa mpya. Ndiyo maana mtu anakwambia, "Mbona mwaka jana hapakutokea kitu?" Nayo jipsamu inadanganya. Hukinza moto kwa sababu kama sehemu ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani. Ikichomwa kila siku maji yanatoka, inabaki unga na karatasi, na joto linafika kwenye papi, zile mbao nyembamba za kushikilia dari, zilizo nyuma yake.

Bomba lake lilikuwa la bati moja, yaani ukuta mmoja tu. Hilo linataka inchi 18 hadi kitu chochote kinachoungua, na kwenye dari halifai kupitishwa kabisa. Nikasimamisha kazi mpaka alipopata la kuta mbili lenye kizuia joto katikati. Hilo kwa kawaida hutaka inchi 2, ila soma kibandiko cha mtengenezaji. Nikakata papi, nikazungushia fremu, chini nikafunga bati. Kijana wake alitaka tujaze sufi ya kioo, zile nyuzi za kuzuia joto, kwenye nafasi. Hapana! Hewa ndiyo inayopooza bomba. Ukijaza, joto linakosa pa kwenda.

Kuni mbichi nazo, ambazo huko kwenye ukungu ni kawaida, huacha lami ndani ya bomba. Ikiwaka, joto hupita digrii 1,000.

Pete ya kuficha tundu niliifunga skrubu kwenye dari tu. Kwenye bomba sikuigusa, maana chuma kikipata moto hurefuka.