DNA ya mazingira na wadudu wa ardhini: dhana potofu na ukweli wake

Mwaka 2023 jarida la Science Advances lilichapisha makadirio ya idadi ya arithropodi wanaoishi udongoni duniani kote: moja ikifuatiwa na sifuri 19. Hao ni wanyama wenye gamba gumu na miguu yenye viungo, kuanzia jongoo, tandu, mchwa na buibui hadi utitiri na kolembola. Kolembola ni vidudu vya milimita moja au mbili, na wengi wao huruka kwa kufyatua uma uliokunjwa chini ya tumbo. Utitiri na kolembola peke yao ni karibu asilimia 95 ya idadi hiyo. Hakuna maabara yenye watu wa kutosha kuwapitisha wote chini ya darubini, ndiyo maana njia ya kusoma DNA waliyoiacha udongoni, katika magamba waliyojivua, kinyesi, mayai na mizoga, yaani DNA ya mazingira, imepokewa kwa shangwe. Inastahili. Ila imekuja na imani kadhaa zisizo sahihi, na baadhi yake zinaweza kuidhuru ardhi ileile tunayotaka kuilinda.

Dhana: Kupima DNA ya udongo ni njia moja tu.

Ziko mbili, na ripoti nyingi huzichanganya chini ya jina moja.

Katika ya kwanza, wadudu hutolewa udongoni kabla ya kitu kingine chochote. Kifaa chake ni cha zamani: Antonio Berlese wa Italia alikieleza mwaka 1905, na Albert Tullgren wa Sweden akaweka balbu ya umeme mahali pa joto la maji mwaka 1918. Udongo huwekwa juu ya wavu ndani ya faneli, balbu ikiwaka juu yake. Udongo hukauka kuanzia juu kwenda chini, wadudu hukimbia ukavu, wanashuka mpaka wapite kwenye wavu, wanadondoka kwenye chupa ya ethanoli. Baada ya siku chache chini ya chupa kuna tabaka la vidudu vya kahawia na vyeupe. Hao husagwa pamoja na DNA yao ikasomwa kwa mkupuo.

Katika ya pili hakuna mdudu anayetolewa. DNA huchotwa kwenye udongo wenyewe, na hapo ndipo kipimo cha udongo kinapokuwa jambo kubwa. Vifaa vingi vya maabara vilitengenezwa kwa ajili ya bakteria na hutumia robo gramu tu ya udongo. Robo gramu inatosha kwa bakteria, lakini tandu mmoja anaweza kuwa amepita sentimita kumi kutoka hapo asiache chochote ndani yake. Mwaka 2012 kundi la Pierre Taberlet huko Grenoble, Ufaransa, lilionyesha njia ya kutumia maji ya fosfeti kuchota DNA iliyo nje ya seli kutoka kiasi kikubwa zaidi cha udongo, tena bila mashine za gharama kubwa. Kwa hiyo anayekuambia "tulipima DNA ya udongo" muulize kwanza: mliwatoa wadudu au hamkuwatoa, na mlipima udongo kiasi gani?

Dhana: DNA ikipatikana, mdudu anaishi hapo.

DNA hudumu kuliko mwenyewe. Chembe za udongo wa mfinyanzi huishika na kuikinga dhidi ya vimeng'enya vinavyoivunja. Katika tabaka za kale za mchanga na udongo za Kap København, kaskazini mwa Greenland, watafiti walisoma DNA ya miaka milioni mbili hivi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Hapo palikuwa na baridi kali inayohifadhi. Katika udongo wetu wenye joto, unyevu na vijidudu vingi DNA huharibika upesi zaidi. Hata hivyo haitoweki siku mdudu anapokufa. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2016 ulikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 40 ya DNA ya bakteria na kuvu iliyopimwa udongoni haikuwa ndani ya seli hai. Kwa arithropodi kiwango kinaweza kuwa tofauti, ila funzo ni lilelile. Ongeza na mvua za masika zinazoshusha udongo wa juu kutoka mlimani, na ndege anayekula mende huku akaacha kinyesi kule. DNA inathibitisha kwamba kiumbe alipita, au mabaki yake yalifika.

Dhana: Mifuatano mingi ni wadudu wengi.

La. Mfuatano ni mpangilio wa herufi za kipande kimoja cha DNA kilichosomwa. Kabla ya kusomwa, DNA hunakiliwa kwa PCR, na vipande vifupi vya kuanzishia unakili, yaani praima, hushikana vizuri na DNA ya kundi moja na vibaya na ya jingine. Tofauti ndogo ya mwanzo hukuzwa kila mzunguko. Jongoo mmoja mnene anaweza kuwafunika kolembola mamia. Wala kila mfuatano mpya si spishi mpya: nakala za zamani za jeni za mitokondria zilizohamia kwenye kiini cha seli husomwa pia, na zisipochujwa huvimbisha orodha.

Dhana: Kisichoonekana hakipo.

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Samaki huacha ute na seli majini kila wakati. Mdudu amefungwa ndani ya gamba la kaitini na huacha kidogo sana. Udongo mweusi wa msituni umejaa asidi za humiki zinazozuia PCR isifanye kazi. Praima za jeni ya COI, inayotumiwa sana kwa wadudu, zikitumika moja kwa moja kwenye udongo hunasa pia bakteria, kuvu na mwani, na mara nyingi hao ndio wanaochukua sehemu kubwa ya mifuatano yote. Mdudu anaweza kukosekana kwa sababu yoyote kati ya hizo. Tathmini ya athari kwa mazingira inayosema "hakuna spishi adimu" kwa sababu tu DNA yake haikusomeka katika sampuli chache haijathibitisha kitu, na barabara au machimbo yakishapita hapo, msitu haurudishwi.

Dhana: Wataalamu wa kutambua wadudu hawahitajiki tena.

Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande cha COI kitumike kama msimbopau wa wanyama. Kipande hicho cha herufi 658 hivi hakina jina ndani yake. Jina hutoka kwenye kanzidata, na kanzidata hujazwa kutokana na mdudu halisi ambaye mtu anayemjua alimtazama, akamtambua, akamhifadhi.

Chukua milima ya Udzungwa, Tanzania. Henrik Enghoff wa makumbusho ya Denmark ameeleza jongoo wengi wa huko ambao sayansi haikuwajua, wakiwemo wa jenasi Chaleponcus. Kwa nje wanafanana. Kinachowatenganisha ni gonopodi za dume, miguu ya pingili ya saba iliyobadilika kuwa viungo vya kujamiiana, ambayo lazima ichomolewe na kutazamwa kwa darubini. Ukisoma udongo wa Udzungwa bila kumbukumbu ya jongoo hao kwenye kanzidata, utapata mfuatano ulioandikwa "Diplopoda, haijulikani", yaani jongoo fulani tu, na kwa mtoa maamuzi hilo ni sawa na bure.

Kwa hiyo kila safari ya kukusanya udongo huko ibebe faneli pia. Sehemu ya sampuli iende kwenye barafu kwa ajili ya DNA, nyingine iende chini ya balbu, na jongoo dume anayepatikana awekwe kwenye ethanoli: mguu mmoja upelekwe kusomwa, mwili ubaki makumbusho ukiwa na namba inayolingana na mfuatano wake. Kazi hiyo inahitaji vijana wa hapa waliofundishwa kuzisoma gonopodi, na wanaolipwa kuifanya.