"Indie" ni nini hasa? Kisa cha Fugazi

Muulize mpenzi wa muziki wa roki "indie" ni nini, na mara nyingi atakutajia sauti: magitaa yasiyopigwa msasa, mwimbaji anayeimba kana kwamba anazungumza, mashairi yenye majonzi kidogo. Hajakosea kabisa, ila hayo ni maganda. Neno lenyewe ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, na kiini chake ni fedha: nani amelipia studio, rekodi ni mali ya nani, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Kwa kawaida lebo kubwa, yaani kampuni ya kutoa rekodi, humpa msanii fedha za kutangulia, naye huzipokea kama zawadi. Si zawadi. Fedha hizo pamoja na gharama za studio, na mara nyingi sehemu ya gharama za video, hukatwa kwenye mrabaha wake kabla hajaona senti nyingine. Hata deni likiisha, masta, yaani rekodi mama, kwa kawaida hubaki kwa lebo. Aliyefuatilia mivutano ya wasanii na lebo zao katika Bongo Fleva hahitaji kuelezwa zaidi. Bendi ya indie ni ile iliyokaa nje ya mpango huo, ama kwa kutoa nyimbo zake yenyewe, ama kwa kufanya kazi na lebo ndogo ambayo haimilikiwi na kampuni kubwa.

Mfano ninaoupenda ni Fugazi, bendi ya roki ya Washington, D.C. Jina linasikika kama la Kiswahili, utadhani lina undugu na kufuga, kumbe ni msamiati wa askari wa Marekani waliopigana Vietnam, wakimaanisha hali iliyoharibika vibaya. Bendi ilipanda jukwaani mara ya kwanza Septemba 1987, na muda si mrefu wakatimia wanne: Ian MacKaye na Guy Picciotto wakiimba na kupiga magitaa, Joe Lally kwenye besi, Brendan Canty kwenye drams.

Lebo walikuwa nayo tayari. Mwaka 1980 bendi ya ujanani ya MacKaye, Teen Idles, ilivunjika ikiwa na akiba ya dola 600 hivi. Badala ya kugawana, wakatengeneza santuri ndogo, nakala 1,000, na majalada wakayakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono yao. MacKaye na mpiga drams Jeff Nelson wakaiita lebo hiyo Dischord. Ilishughulika na bendi za Washington na viunga vyake tu. Mkataba wa maandishi hakuna. Gharama zikisharudi, faida hugawanywa kati ya lebo na bendi.

Kilichowapa Fugazi jina zaidi ni kiingilio. Kwa miaka mingi kilikuwa dola 5, baadaye kikapanda kidogo, na watu wa umri wowote waliruhusiwa kuingia. Fulana hawakuuza. Wapo waliowaona kama watawa wa roki, lakini nadhani hapo watu walikosea kusoma hesabu. Hawakuwa na meneja wala wakala wa kutafuta maonyesho. MacKaye mwenyewe ndiye aliyepiga simu. Walisafiri kwa gari lao na hawakudharau ukumbi wa kanisa. Watu 1,000 wakilipa dola 5 kila mmoja ni dola 5,000, na wanaokata fungu lao wakiwa wachache, fedha hiyo inatosha watu wanne. Walibeba hata bahasha zenye dola 5: shabiki aliyeumiza wenzake kwa fujo alirudishiwa kiingilio chake na kuonyeshwa mlango.

Halafu ukaja mwaka 1991. Bendi ya Nirvana, waliotoa albamu yao ya kwanza kwa Sub Pop, lebo ndogo ya Seattle, walihamia kwa lebo kubwa ya Geffen na albamu ya Nevermind ikauza mamilioni. Kampuni kubwa zikaanza kuwinda kila bendi yenye gitaa chafu. Mwaka 1995 Sub Pop yenyewe iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa kampuni kubwa ya Warner. Je, hiyo bado ni indie? Ubishi haujaisha. Ndipo neno lilipoanza kuteleza kutoka kwenye umiliki kwenda kwenye sauti, kwa kuwa sauti ndiyo iliyouzika.

Fugazi nao walifuatwa na kampuni hizo, wakakataa. Albamu yao In on the Kill Taker ya 1993 ilitoka Dischord, na Red Medicine ya 1995 vilevile, hadi The Argument ya 2001. Ukizisikiliza mfululizo utagundua kwamba hazifanani: ya mwisho ina utulivu ambao shabiki wa 1988 asingeutarajia. Hakuna mtu wa ofisini aliyewaambia warudie kilichouzika jana, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko hata fedha.

Onyesho lao la mwisho lilikuwa London, Novemba 2002. Hawakutangaza kuvunjika, wanasema wako mapumzikoni tu. Na kwa sababu rekodi zote ni zao, mwaka 2011 walianza kuweka mtandaoni kanda za maonyesho yao, zaidi ya 800 kati ya 1,000 na ushee waliyofanya. Bei ya onyesho moja ilipendekezwa kuwa dola 5, lakini mnunuzi aliweza kulipa kuanzia dola 1 hadi 100.