Je, wajua kwa nini miguu huvimba safarini, na kwa nini kutembea huirudisha katika hali yake?

Aliyewahi kupanda basi Dar es Salaam alfajiri na kushuka stendi ya Moshi jioni anaijua hali hii. Asubuhi viatu vilikuwa sawa kabisa. Mkifika Same umeshalegeza kamba, mkifika Himo unavivaa kwa kuvuta, na soksi zimechora duara juu ya kifundo cha mguu. Hukubeba mzigo wala hukupiga hatua, lakini miguu ndiyo iliyochoka kuliko kiungo kingine chochote. Wenyewe husema, "Nimekaa sana, damu imeshuka." Hawajakosea.

Damu kushuka miguuni ni rahisi, kwa kuwa moyo unaisukuma na uzito wake wenyewe unaivuta chini. Kazi ipo kwenye kurudi. Kutoka unyayoni hadi moyoni, mtu mzima akiwa amesimama, ni zaidi ya mita moja ya kupanda, na damu ikishapita kwenye mishipa myembamba ya vidole, msukumo wa moyo unakuwa umebaki kidogo sana. Basi nani anaipandisha?

Ni shavu la mguu, ule msuli mnene ulio nyuma, chini ya goti. Kila unapoinua kisigino msuli huo hukaza, ukabana vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizo ndani yake, na damu ikakamuliwa kwenda juu. Haiwezi kurudi, kwa sababu ndani ya vena mna vali, vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu. Msuli ukilegea, vena hujaa tena kutoka chini, na hatua inayofuata huikamua upya. Ndiyo maana madaktari huliita shavu la mguu moyo wa pili.

Vali hizo unaweza kuzishuhudia sasa hivi, kwa jaribio ambalo daktari Mwingereza, William Harvey, alilieleza mwaka 1628. Ning'iniza mkono mpaka vena zitokeze. Chagua moja iliyonyooka chini ya kiwiko, ibonyeze kwa kidole upande wa kiganja, kisha kwa kidole kingine ikamue kuelekea kiwiko na ukiachie hicho cha pili. Kipande cha katikati kikiwa na vali juu yake, kitabaki bapa. Damu iliyo juu hairudi. Achia kidole cha kwanza, na vena itajaa mara moja kutoka chini. Mimi huwa nalirudia hili kila ninapopata wa kumwonyesha.

Sasa tazama tofauti inayoletwa na hatua. Mtu akisimama wima bila kusogea, presha ndani ya vena za kifundo cha mguu hufika 80 hadi 90, kwa kipimo kile kile tunachopimiwa mkononi kliniki. Akianza kutembea, baada ya hatua chache tu inashuka hadi 30 hivi. Presha ikikaa juu kwa saa nyingi, maji ya damu hupenya kuta za mishipa midogo na kujikusanya kwenye nyama. Uvimbe wa safari ni maji hayo.

Kwa hiyo kusimama tu si dawa. Mama anayeuza nyanya soko la Mbuyuni tangu asubuhi, amesimama mahali pamoja, hurudi nyumbani na miguu mizito kama ya abiria. Fundi wa cherehani ya kukanyaga ana nafuu kidogo, maana kifundo chake hakitulii.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti kuhusu wasafiri: kukaa bila kusogea kwa saa 4 au zaidi, iwe ndegeni au kwenye basi, huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda ndani ya vena. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, takriban mmoja kati ya 6,000. Lakini safari yetu ya Dar ni zaidi ya saa hizo. Basi likisimama watu wachimbe dawa, shuka hata kama huna haja, uzunguke. Ndani ya basi, inua visigino na kuvishusha mara ishirini, kila baada ya muda.

Ukifika, nasema kwa moyo wote, kama mzigo ni mwepesi na bado kuna mwanga, iache bodaboda. Kutoka stendi ya Moshi hadi mtaa wa Majengo mguu unatosha. Shirika hilo hilo linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamka, yaani ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku tano inatimiza, na safari za sokoni zinahesabika.

Ila si kila uvimbe unatibiwa kwa hatua. Ukiwa wa miguu yote miwili, hauishi kwa siku kadhaa, na ukibonyeza kidole kinaacha shimo, moyo au figo zinahitaji kupimwa. Mama mjamzito akivimba ghafla usoni na mikononi, aende kliniki siku hiyo hiyo. Na mguu mmoja ukivimba peke yake baada ya safari, ukauma na kuwa wa moto, usiukande wala usiulazimishe kutembea. Nenda KCMC au hospitali iliyo karibu usiku huo huo, hasa ukianza kubanwa na pumzi.