Mageuko si mageuzi, na ukuaji si maendeleo

Mtafiti wa baada ya uzamivu akija Kigoma kuchunguza samaki wa Ziwa Tanganyika, fani yake hutafsiriwa "biolojia ya maendeleo na mageuzi". Msomaji hapo anawaza barabara, umeme na vyama vingi vya 1992. Fani yenyewe inachunguza jinsi mabadiliko katika ukuaji wa kiinitete, yaani kiumbe kikiwa bado ndani ya yai au tumbo, yanavyoleta maumbo mapya, vizazi kwa vizazi. Basi.

Tatizo ni maneno. Mageuzi yako upande wa geua na geuza: yupo anayegeuza, na analo lengo. Mageuko yanatoka kwenye geuka, kama anguko na anguka, na geuka haidai mtendaji. Spishi hazina aliyekaa kuzipangia sera. Maendeleo nayo yana kwenda mbele, kuwa bora. Kiinitete hakiendelei, kinakua.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya ukuaji na mageuko. Ukuaji humpata samaki mmoja, mageuko huupata ukoo. Pasua koo la perege, au la kuhe ambaye ni jamaa yake: nyuma ya matamvua kuna taya la pili, mfupa wa pembetatu uliojaa meno. Astatoreochromis alluaudi, furu wa Ziwa Victoria, akilelewa kwa kula konokono, mfupa huo hunenepa na meno huwa butu kama magego. Akilelewa kwa chakula laini, mfupa hubaki mwembamba. Spishi ni ileile. Huo ni ukuaji.

Ili kujua kama kuna mageuko, mayai ya makundi mawili ya samaki wanaotofautiana hulelewa kwenye maji ya joto moja na chakula kimoja: tofauti ikibaki, haikuletwa na chakula wala joto. Joto likitofautiana, kuhesabu siku kunapotosha, maana maji yenye joto zaidi huharakisha ukuaji. Linganisha hatua, kwa mfano kiini cha yai kinapokwisha. Kisha vifaranga hutiwa rangi: alsiani ya buluu kwa gegedu, alizarini nyekundu kwa mfupa. Wakikaa mno kwenye tindikali ya alsiani, kalsiamu huyeyuka, mfupa haushiki nyekundu, na mtu huandika kwamba haujakua kumbe upo.

Kwa hiyo, ndugu, ukimkuta samaki mmoja ana taya nene, sema amekua hivyo. Kama watoto wake, waliolishwa chakula laini, nao wanatoka na taya nene, hapo ndipo tuanze kuzungumza mageuko.